Ampli ya Kijivu na Mikeka ya Kilio

Siku ya Pasaka, katikati ya wimbo wa Utukufu, ampli ya Bokungu, kile kisanduku cha kukuza sauti ya gitaa yake, ilikufa. Ilikohoa mara mbili kama mzee anayetaka kusema neno, ikatoa moshi mwembamba nyuma ya kitambaa chake, ikanyamaza. Kwaya ikaendelea kuimba bila gitaa, na waamini wengi hawakutambua kama kuna kitu kimepungua. Jambo hilo ndilo lililomuuma Bokungu kuliko ule moshi.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Baba yake alikuwa sajini, mtu wa mkoa wa Équateur, aliyeletwa na jeshi pale base ya Kamina akiwa kijana, akafa akiwa bado anasema mwaka kesho atarudi kwao. Bokungu alizaliwa kulekule base, akapata Kilingala mdomoni mwa mama yake, Kiswahili barabarani, na Kiluba baadaye sana, kwa wakwe. Gitaa alifundishwa na mzungu mmoja, fundi wa ndege, aliyekuwa anapiga rock ya zamani mlangoni pa nyumba yake kila Jumamosi baada ya kazi. Mzungu huyo alipoondoka alimwachia kaseti mbili na ampli moja ya lampe, yaani yenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa. Kaseti zilikatika zamani. Ampli iliishi miaka thelathini na sita.

Watu wa Kamina wanajua gitaa ya rumba, ile safi inayotiririka kama maji. Gitaa ya Bokungu ilikuwa nyingine. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo na joto fulani ndani yake, kama sauti ya mwanamume anayeimba huku anazuia machozi. Padri aliyeisikia mara ya kwanza kanisani aliuliza kama sauti ya namna hiyo inafaa kwa Mungu. Wazee wa parokia wakamjibu kwamba hata Zaburi kuna mahali zinalia, basi aiache nayo ilie. Toka hapo hakuna padri aliyeuliza tena.

Mkate wake hakuupata kwa gitaa. Kwa miaka ishirini na miwili aliwasagia watu mahindi katika mashine moja nyuma ya soko, mashine inayonguruma toka asubuhi mpaka mchana, na unga mweupe mpaka kwenye kope. Alimwoa Kapinga, mtoto wa wakulima wakatoliki wa hapo hapo Kamina, na mtoto wao wa kwanza walimwita Mira. Kwa hiyo mke alimwita Baba Mira, naye akamwita Mama Mira, na majina yao mengine yakabaki kwenye karatasi za ndoa.

Juma moja baada ya Pasaka, Kasanda, prezida wa kwaya, alikuja nyumbani. Kapinga alimpa munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kikombe kikubwa, kisha akaketi kando na kuendelea kuchambua maharagwe. Kasanda alikunywa kwanza, maana maneno mazito hayatolewi na koo kavu.

"Papa Bokungu, komite imekubali. Tunanunua ampli, moja tu. Na weye njo utachagula."

"Aksanti sana."

"Ngoja kwanza. Iko bantu benye banasema tuache gitaa, tununue klavie. Minyi nilikatala. Lakini minakuomba, chagula yenye nguvu, yenye haitalala katikati ya misa. Gitaa ikitusumbua tena, sitakuwa na mudomo ya kukutetea."

"Inabasumbua namna gani? Ilikufa siku moja tu."

Kasanda akatazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. "Banasema tu, papa."

Kapinga hakuinua kichwa. Aliokota jiwe dogo katikati ya maharagwe, akalitupa mbali.

Basi Bokungu akajua jambo lilivyo: akichagua vibaya, gitaa inarudi ukutani, naye atakaa kwenye mabenchi pamoja na watu wengine, akisikiliza klavie, yaani kinanda cha umeme. Lakini lilikuwepo jambo la pili, ambalo alidhani analijua yeye peke yake na Mungu. Mwaka mmoja uliopita, asubuhi moja, alikuwa amesimama nje na mswaki mdomoni, akamwona ndege juu ya mpapai akifungua mdomo, akiufunga, akiufungua tena, wala hakuna kitu kilichotoka. Alidhani ndege ni mgonjwa. Kesho yake akaja ndege mwingine, naye vilevile. Siku ya tatu Bokungu akaelewa kwamba ndege ni wazima. Hakumwambia mtu. Aliuweka huo mzigo katika rozari, kila jioni, bila kuutaja jina.

Jumatatu yeye na Kapinga walikwenda kwa Mputu, mfanyabiashara mwenye duka karibu na gare ya treni. Mputu aliwapokea akiwa ameketi juu ya kisanduku fulani mlangoni, akasimama, akawafutia vumbi la ampli moja nyeusi ambayo haikuwa na vumbi.

"Papa Bokungu, tazama hii. Mupya, mu plastiki yake. Iko na taa ya bulu, iko na radio, iko na telekomande."

"Telekomande ya nini? Nitaipiga nikiwa kitandani?"

"Hapana, papa. Ni ya padri. Ukizidisha, anaipunguza toka ku altare."

Kapinga akacheka, mkono mdomoni. "Basi utauzisha nyingi," alisema polepole.

Bokungu hakusikia, au hakutaka kusikia. Alikuwa ameanza kazi. Ampli nyingine zote alizokuwa ametengeneza au kuazima maishani alizipima namna moja. Kwanza aliinyanyua. Akainusa mgongoni, maana kitu kilichokwisha kuungua hakifichi harufu. Akaomba bisibisi, akafungua mgongo, akatazama sumaku ya spika, kama ni nene au ni ya kudanganya watoto. Halafu akawasha, akageuza kila butoni taratibu, akatikisa waya ya gitaa pale inapoingia. Ile nyeusi ya taa za bulu ilikuwa nyepesi kama kikapu kitupu, na sumaku yake ilikuwa ndogo kama biskuti.

"Hii rudisha mu plastiki," alisema.

Kwenye pembe kulikuwa na ampli kubwa yenye ngozi nyeusi iliyochakaa. Mputu alieleza kwamba ilikuwa ya orkestre moja ya hoteli kule Lubumbashi. Orkestre ilivunjika, wapigaji wakagawana vyombo kama watoto wanaogawana urithi, na hii ikafika Kamina kwa treni. Bokungu alitazama mgongoni akaona vichupa vinne vya kioo. Mputu aliiwasha. Vichupa vikaanza kuwa vyekundu, taratibu, taratibu. Bokungu akachomeka gitaa yake, akapiga nyuzi tatu tu.

Miaka yote ikarudi. Ule mlango wa mzungu, ile Jumamosi, jua juu ya mabati ya base.

"Unaona," Mputu alisema, "unacheka peke yako."

"Lampe ikiungua, nitapata ingine wapi?"

"Lubumbashi."

"Na Lubumbashi isipokuwa nayo?"

Mputu akainua mabega. Kapinga, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaelekeza kidole chini. "Na ile ulikuwa unaikalia?"

"Hii? Hii ni kiti, marraine." Mputu alimwita hivyo kwa sababu Kapinga ndiye aliyemshika mtoto wake wa tatu siku ya ubatizo.

"Kiti iko na butoni?"

Ilikuwa ampli ndogo, ya kijivu, haina lampe, kitambaa chake cha mbele kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Mputu akakiri kwamba ilikuwa ya shule moja upande wa Kaniama, na njiani ilikuwa imeanguka kutoka kwenye pikipiki mara mbili, mara moja ndani ya maji. Bokungu aliifungua bila hamu. Sumaku ilikuwa nene kama mkate. Butoni ziligeuka bila kukwaruza. Aliipiga kidogo, akaona sauti yake imefunikwa, haina uso.

"Tutachukua zote mbili, tujaribu, moja itarudi," Kapinga alisema.

"Marraine, ampli haiko mutumba, mutu ajaribu kisha arudishe."

"Na carte ya Baba Mira itabaki hapa kwako. Na minyi pia unanijua."

Mputu akatikisa kichwa, akapokea carte d'électeur ya Bokungu, kadi yake ya kupigia kura, akawaitia mtu wa pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma.

Walihitaji kujaribu kwa sababu moja. Umeme wa mji unakuja na kuondoka unavyopenda, na kwaya haiimbi kanisani tu. Inakwenda pia kuimba vilioni, yaani kwenye matanga, kwenye nyua ambazo hazina hata waya. Huko ampli inakula batri ya gari kupitia kile kisanduku kinachoitwa convertisseur. Ampli isiyoweza kwenda kilioni, kwaya haina kazi nayo.

Alhamisi ya juma hilo Bwana alimwita Papa Kalunga, katekista mzee aliyewatayarisha nusu ya waimbaji kwa komunyo ya kwanza. Baada ya maziko kwaya ilifika kwake mchana. Wanaume walikuwa kwenye viti upande wa barabara. Wanawake walikuwa wametandika mikeka chini ya mdimu, wakimzunguka mjane, Mama Tshiala, wengine wanatwanga sombe, majani ya muhogo, wengine wanakaa tu, maana kukaa pale nako ni kazi.

Kwa watu wa Kapinga, mkeka ukishatandikwa kilioni hauhamishwi. Mama anayekuja kukaa na mjane anatandika pale alipopata nafasi, na hapo anabaki mpaka siku ya kutawanyika. Wanasema kuhamahama ni kumwacha mjane njiani. Mvua peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kuwahamisha.

Bokungu alianza na ile ya lampe. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua, alikuwa anatafuta baraka tu. Wimbo wa kwanza ulipita vizuri. Katika ubeti wa pili wa wimbo wa pili, convertisseur ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotea, pii, pii, pii, na ampli ikazimika. Waliiwasha tena, ikazimika tena. Vichupa vinne vilikuwa vinakula umeme kuliko batri ilivyoweza kutoa. Kasanda alimtazama Bokungu, akaendelea kuongoza kwa mkono.

Bokungu akachomeka ile ya kijivu. Kati ya butoni zake kulikuwa na ile ya aigu, yaani sauti nyembamba ya juu. Akaizungusha mpaka mwisho, kama alivyozoea siku hizi, mpaka nyuzi zikapata meno na yeye mwenyewe akazisikia vizuri. Alipiga nyimbo sita. Convertisseur haikulia hata mara moja. Jasho lilimtoka kwa furaha, akasema moyoni, basi Bwana ametusaidia, hii inatosha.

Alipoinua macho, hakuona watu chini ya mdimu.

Mikeka ilikuwa imehamia nyuma ya jikoni, yote, pamoja na kinu cha sombe. Mama Tshiala mwenyewe alikuwa amehamishwa, ameketi kule, kitambaa kimemfunika kichwa. Bokungu alitazama juu. Hakukuwa na wingu. Akatazama kivuli: kivuli kilikuwa bado chini ya mdimu, kizuri, kimebaki chenyewe, na akina mama walikuwa wamekiacha wakaenda kukaa juani.

Aliwaachia wenzake kufunga vyombo. Njiani kurudi, walipofika kwenye reli, ndipo alipouliza.

"Mama Mira, ba mama balihama juu ya nini?"

"Ilikuwa jua."

"Jua njo kwenye balienda."

Kapinga alikuwa na beseni kichwani. Alilishusha, akaliweka chini kando ya reli, akalitazama kidogo.

"Unapenda nikwambie?"

"Niambie."

"Gitaa yako inakata masikio, Baba Mira. Sasa ni mwaka. Haiko ampli. Ni ile butoni unazungushaka mpaka mwisho. Leo bale ba mama bamevumilia nyimbo mbili. Ya tatu, Mama Tshiala alishika kichwa, njo bakamubeba."

Bokungu alisikia hayo vizuri kabisa, kila neno. "Na weye ulijua."

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilikuona asubuhi moja unaangalia ndege ku mpapai. Ulisimama wakati mingi, na mswaki mu mudomo. Nikasema, huyu amekwisha kujua ile yenye inamuumiza. Miye niongeze nini?"

Hakukasirika. Haya ndiyo iliyomkamata, haya ya kumtoa mjane kivulini siku ya kumzika mume wake. Alilinyanyua lile beseni, akalibeba yeye, na watu waliokutana nao walicheka kumwona mwanamume na beseni kichwani, naye hakujali. Jioni katika rozari, kwa mara ya kwanza, alitaja mzigo wake jina. Alisema: "Kwa ajili ya masikio yangu." Kapinga akaitikia Salamu Maria kama kawaida, labda kwa sauti ya chini kidogo.

Asubuhi alitoa ampli ya kijivu nje, karibu na jikoni. Kapinga alikuwa anatwanga sombe.

"Mama Mira, leo weye njo masikio. Ukisikia iko muzuri, niambie."

Akapiga. Akapunguza ile butoni kidogo. "Hapa?"

"Bado." Mchi ukaendelea, tu, tu, tu.

Akapunguza tena. "Hapa?"

"Bado inauma."

Kila alipopunguza, kwake sauti ilikuwa inaondoka, kama mtu anayetembea akikupa mgongo. Akaongeza ile butoni nyingine, ya nguvu, na akapunguza aigu mpaka karibu na mwanzo. Akapiga wimbo wa komunyo, polepole. Alisubiri kusikia "bado". Badala yake hakusikia hata mchi. Aligeuka. Kapinga alikuwa ameusimamisha mkononi.

"Hapo," alisema.

"Hapa? Mama, hapa sisikii kintu. Minasikia kama gitaa iko mu gunia."

"Hapo njo yenyewe. Ule mukwaruzo, ile moto. Njo ile ulipiga siku ulikuja kwetu, baba yangu akauliza huyu mutoto wa sajini analilia nini." Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kichupa cha vernis nyekundu ya kucha ambacho Mira aliacha aliporudi kwa mume wake. Akainama mbele ya ampli, akaweka tone moja pale butoni ilipoelekea. "Usipite hapa."

Bokungu alikaa mbele ya lile tone muda mrefu. Alikuwa amekwenda kutafuta sauti yake ya ujana, na sasa, kama Kapinga alisema kweli, sauti hiyo ilikuwa hapo mbele yake, kila mtu ataisikia isipokuwa yeye. Akaipiga tena. Gunia tupu. Lakini mwanamke huyu hakuwahi kumdanganya, hata pale kudanganya kulipokuwa rahisi.

Ile ya lampe aliirudisha kwa Mputu mwenyewe, mkono juu yake njia nzima.

"Unaacha ile ya moyo, papa?"

"Haiwezi kwenda kilio."

"Na kiti yangu njo unachukua? Sasa miye nitakalia nini?"

"Chochote. Lakini hii usiikalie," alisema Bokungu, na akaisogeza mwenyewe mpaka kwenye pembe, mbali na jua.

Kutoka hapo alipita kwa Kasanda, akamwambia yote, ndege na mpapai na ile butoni. Kasanda akavuta kiti chake karibu.

"Papa, tulifikiri uko na kiburi. Ba mama ba soprano banakwambia kila dimanche ku misa, papa, punguza, papa, punguza. Weye unabatikisia kichwa, unaendelea."

"Nilifikiri banasema iko muzuri."

Kasanda alitaka kucheka, akajizuia, kisha wote wawili wakacheka. Lakini hakumwahidi kitu. "Tupige Pentekoste," alisema. "Kisha tutaona."

Siku ya Pentekoste kanisa lilijaa mpaka nje. Bokungu alipiga toka wimbo wa kuingia, na toka mwanzo kidole chake kilikuwa kinawasha. Alijisikia kama anapiga chini ya blanketi. Wakati wa Utukufu mkono ulishuka wenyewe mpaka kwenye butoni. Akaona lile tone jekundu. Akamtafuta Kapinga, benchi la tatu. Kapinga hakuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa yamefungwa, anaimba. Bokungu akaurudisha mkono kwenye nyuzi.

Baada ya misa hakuna aliyemwambia apunguze, na yeye hakuuliza. Kasanda alikuwa anakunja waya, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Repetisyo ni samedi, saa tisa," alisema hatimaye, maana Jumamosi ndiyo siku ya mazoezi ya kwaya. "Ukuje na ile kiti ya Mputu."

Habari ya klavie haikutajwa tena mwaka huo.

Siku ya arobaini ya Papa Kalunga walirudi katika ua uleule. Mdimu ulikuwa na matunda sasa. Akina mama walitandika mikeka yao chini yake, na Bokungu akaweka ampli pembeni, mbali kidogo, kwa adabu. Mama Tshiala akamwambia ailete karibu, maana anataka kumsikia vizuri mume wake akisindikizwa. Akaileta mpaka kwenye mkeka. Wimbo wa kwanza, aliitazama mikeka. Wa pili, aliitazama. Wa tatu, mjane alikuwa anabambua karanga, mgongo ameuegemeza kwenye ampli. Wa nne, karanga zilimwanguka mkononi. Alikuwa amelala, usingizi wa mtu ambaye hakulala siku nyingi, na kichwa chake kilikuwa kimefunika butoni zote.

Hata kama angetaka kuongeza aigu, asingeweza kuzifikia. Bokungu akapiga mpaka mwisho.